KUMFUGA NYOKA ASIYE NA SUMU: HUKUMU YA SHERIA NA MAZINGATIO KWA WAISLAMU WA HANDENI NA KOROGWE

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyekiumba kila kiumbe kwa kipimo na hekima. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila afuataye nyayo zao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, nyoka si habari ya vitabuni. Mkulima wa mahindi wa Kabuku au Mkata humkuta chini ya gunia, mkata mkonge humkuta shambani, na mama humkuta darini alipohifadhi mbegu za msimu ujao. Mazoea ya wengi ni moja: nyoka akionekana, huitwa watu waje na fimbo, na hapaulizwi ni nyoka gani. Wengi huamini kuwa hilo ndilo agizo la dini, na kwamba kumuacha nyoka hai ni dhambi.

Siku hizi limeongezeka swali la upande wa pili. Vijana wanaona katika simu zao watu wa Marekani wakiwafuga nyoka wasio na sumu ndani ya masanduku ya vioo, wakiwalisha panya na kuwazungusha shingoni. Mmoja wa nyoka wanaopendwa sana huko ni yule aitwaye gofa. Kijana huuliza: ikiwa yule hana sumu na anakula panya, na hapa kwetu wako nyoka wa sifa hizo hizo, kuna ubaya gani kumweka mmoja nyumbani?

Basi tuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya: kumuacha nyoka asiyedhuru, na kumfuga. Katika makala haya tutayatenganisha, kwa sababu majibu yake hayafanani.

KWANZA: SURA YA MAS-ALA

Wanazuoni wana kanuni isemayo kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Hivyo tuanze na nyoka mwenyewe.

Gofa ni nyoka wa magharibi ya Amerika Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada hadi Meksiko. Jina lake limetokana na mnyama mdogo mchimba mashimo, wa jamii ya panya, anayefanana kwa tabia na fuko wetu, ambaye nyoka huyu humfuata shimoni. Urefu wake kwa kawaida hupita mita moja, na wengine hufika mita mbili. Hana sumu, humkaba windo lake kwa kujizungusha mpaka life. Anapotishwa hufoka kwa sauti kubwa na kutikisa mkia juu ya majani makavu, akimuiga nyoka mwenye njuga ambaye ana sumu kali. Kwa ajili hiyo wengi huko huuawa kwa kudhaniwa ni yule mwingine.

Nyoka huyu hayupo Afrika. Lakini nchi yetu inao nyoka wanaofanya kazi kama yake. Aliye karibu zaidi na watu ni yule nyoka wa kahawia wa majumbani, mwembamba, ambaye mara nyingi hauzidi urefu wa mita moja, mwenye mstari mweupe unaopita jichoni kila upande wa kichwa. Hutoka usiku, huingia ghalani na darini kwa kumfuata panya, na hana sumu. Yupo pia nyoka mla mayai, ambaye hana meno ya kudhuru mtu. Chatu naye hana sumu, ingawa ukubwa wake peke yake ni hatari.

Kinyume cha hao ni kifutu, mnene, mfupi na mzito wa mwendo, ambaye hutulia njiani mpaka akanyagwe, swila, atemaye sumu kulenga macho, na koboko. Hawa huua. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini.

Upande wa pili wa mizani yuko panya. Panya shamba hufukua mbegu ya mahindi kabla haijaota, na panya wa nyumbani humaliza kilichovunwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamefanya utafiti wa panya hawa kwa miaka mingi kwa sababu ya hasara wanayoleta. Tena hasara si ya chakula tu. Jirani zetu wa Lushoto, juu ya milima inayoitazama Korogwe, walipata balaa la tauni tangu mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20, na maradhi hayo huletwa na viroboto wa panya. Kwa hiyo anayemuua kila mla panya anayemuona, na asiwe na paka wala ghala imara, anawapa panya nafasi ya kuzaana.

PILI: DALILI ZILIZOPOKEWA

Qur'ani imemtaja nyoka katika kisa cha Nabii Musa (A.S.), pale fimbo yake ilipogeuka nyoka kwa amri ya Mola wake, katika sura za Ta-Ha, Ash-Shu'araa, An-Naml na nyinginezo. Humo nyoka ni ishara ya uwezo wa Mwenyezi Mungu. Hakuna hukumu ya kuuawa kwake. Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa wanyama watambaao na ndege warukao ni umma kama sisi. Hukumu za kuua au kuacha tunazipata katika Sunna, na Hadith za mlango huu ni za namna tano.

1. Hadith za kuruhusu kuua. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kuwa nyoka ametajwa miongoni mwa viumbe watano wadhuru wanaouawa hata katika eneo takatifu. Panya naye ni mmoja wa watano hao. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwa Abu Huraira (R.A.) amri ya kuwaua nyoka na nge hata mtu akiwa ndani ya Sala.

2. Hadith za kutenganisha. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Umar (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alisisitiza kuuawa kwa aina mbili: mwenye mistari miwili mgongoni na mwenye mkia mfupi, kwa kuwa hudhuru macho na huharibu mimba. Ibn Umar alikuwa akimuua kila nyoka amuonaye, mpaka Abu Lubaba (R.A.) alipomjulisha kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza baadaye kuuawa nyoka wa majumbani. Hapo akaacha. Hebu tuzingatie: Swahaba mkubwa alikuwa na mazoea aliyoyajengea dalili, na ilipomfikia dalili mahususi zaidi hakuona haya kuifuata.

3. Hadith ya kuonya. Muslim amepokea kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kisa cha kijana aliyekuwa ameoa karibuni, siku za vita vya Khandaq. Alirudi nyumbani mchana akamkuta nyoka mkubwa amejikunja kitandani. Akamchoma mkuki, nyoka akafurukuta, na haikujulikana nani alitangulia kufa kati yao. Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kuwa Madina kuna majini waliosilimu, hivyo nyoka wa nyumba aonywe siku tatu, na akionekana tena baada ya hapo auawe.

4. Hadith ya Mina. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kuwa walikuwa na Mtume (S.A.W.) pangoni wakati Suratul Mursalat inateremka. Akatokea nyoka, wakaamrishwa wamuue, naye akawatoroka. Mtume (S.A.W.) akasema kwa maana kwamba nyoka amekingwa na shari yao kama wao walivyokingwa na shari yake. Hakuwaamrisha wachimbe mwamba mpaka apatikane.

5. Hadith ya kutoogopa kisasi. Abu Daud amepokea makemeo makali kwa anayewaacha nyoka kwa kuogopa kuwa watalipiza kisasi. Hiyo ilikuwa itikadi ya zama za ujahili, na mabaki yake bado yanasikika katika vijiji vyetu, pale watu wasemapo kuwa mwenzake nyoka aliyeuawa atakuja usiku kumdai muuaji.

TATU: WALIVYOZIFAHAMU WANAZUONI

Je, amri ya kuua ni wajibu? Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo wanayoyafuata Waislamu walio wengi wa Handeni, Korogwe na pwani yote, wameiweka katika daraja ya sunna. Anayemuua nyoka mwenye madhara amefanya jema, na anayeshindwa au kumuacha bila ya itikadi mbovu hapati dhambi. Anayemsimamia mtoto au mgonjwa na akaweza kumuondolea hatari lakini asifanye, huyo anaulizwa kwa kupuuza amana yake.

Kuhusu kuonya siku tatu, wako waliosema ni mahususi kwa Madina, na nyoka wa miji mingine huuawa bila ya onyo. Wako walioieneza kwa nyumba zote. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameyaeleza haya katika sherehe yake ya Sahihi Muslim. Pamoja na khilafu hiyo, nyoka wa jangwani na wa njiani hakuingia katika katazo, na wale wawili waliotajwa kwa sifa zao wametolewa hata katika nyoka wa nyumba.

Ikhtilafu muhimu zaidi kwa mas-ala yetu ni ile ya illa, yaani sababu ya hukumu. Kwa nini watano wale wameruhusiwa kuuawa? Nawawi amenukuu kuwa kwa Imamu Shafi sababu ni kuwa wao ni wanyama wasioliwa, na kwa Imamu Malik sababu ni kuwa ni wadhuru. Tofauti hii si ndogo. Ukisema sababu ni madhara, nyoka asiye na sumu na asiyemshambulia mtu ana hoja ya kutoka katika hukumu hiyo, kwa kuwa hukumu huzunguka pamoja na illa yake, ikiwepo na ikikosekana.

Wanazuoni wa Kishafi nao wamewapanga wanyama katika makundi manne kwa upande wa kuuawa:

(a) Wenye madhara bila ya manufaa, kama nyoka, nge na panya. Ni sunna kuwaua.

(b) Wenye manufaa na madhara pamoja, kama mwewe wa kuwindia na duma. Haikusuniwa kuwaua wala haikuchukiza. Manufaa yao yanazuia usunna, na madhara yao yanaondoa uchukizo.

(c) Wasio na manufaa wala madhara ya dhahiri, kama mende wa porini na kaa. Ni makruhu kuwaua.

(d) Waliokatazwa kuuawa, kama nyuki, sisimizi na hudihudi.

Sasa tumweke wapi yule nyoka wa kahawia wa ghalani? Kwa jina lake yumo kundi la kwanza, kwa kuwa ni nyoka. Kwa sifa yake, hana sumu na anaondoa panya, ambao wenyewe tumeamrishwa kuwaua. Basi anafanana na kundi la pili. Tunaloliona sisi ni kuwa mwenye kumtambua kwa yakini, akamuacha shambani au ghalani kwa ajili ya manufaa hayo, hakuacha wajibu na halaumiwi. Na mwenye kumuua kwa kushindwa kumtofautisha naye halaumiwi, maana yakini haipatikani kwa kila mtu, na kuilinda nafsi ya mwanadamu kunatangulizwa juu ya kulilinda gunia.

NNE: KUMUACHA SI KUMFUGA

Mtu akilifahamu hilo huenda akasema: ikiwa kumuacha kunajuzu, basi na kumfuga kunajuzu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kumuacha ni kutomgusa kiumbe aliye katika riziki yake. Kumfuga, ambako kwa istilahi ya fiqhi huitwa iqtinai, ni kumuingiza katika milki, kumfungia na kubeba dhima yake mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya watu.

Imamu Zarkashi (aliyefariki mwaka 794 Hijria, sawa na 1392), katika kitabu chake cha kanuni za fiqhi kiitwacho Al-Manthur, ameyataja mambo ambayo ni haramu kuyafuga. Amemtaja mbwa kwa asiyemhitaji, kisha wale viumbe wadhuru watano, na nyoka yumo kwa jina lake. Hoja iko wazi: ambaye Sheria imehimiza aondolewe, haiwi tena itake atunzwe na kulelewa.

Katika biashara nako, kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi kimeshurutisha kuwa kinachouzwa kiwe na manufaa, na kikatoa mfano wa vijidudu na vitambaavyo visivyo na manufaa kuwa haisihi kuviuza. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu kuuza nyoka ikiwa wananufaisha katika dawa. Kwa hiyo hata aliyeruhusu amefunga ruhusa yake na haja inayozingatiwa. Kumtazama tu na kujionyesha kwa wenzio si haja hiyo.

Atasema mwenye kuhoji: Mtume (S.A.W.) hakumkataza mdogo wake Anas, Abu Umair, kucheza na kindege chake. Ni kweli, na wanazuoni wamechukua humo ruhusa ya kufuga ndege kwa liwazo. Lakini ndege hakuamrishwa kuuawa, wala hakuna jirani anayekosa usingizi kwa ajili yake. Qiyasi ya nyoka juu ya kindege ni qiyasi yenye tofauti kubwa baina ya pande zake.

Kwa mwenye kushikamana na kauli ya kwamba illa ni madhara tu, na nyoka wake hana sumu, tunamwekea mambo matano ayapime kabla ya kujihalalishia.

1. Yakini. Mwaka 1957 huko Chicago, Karl Schmidt, bingwa wa elimu ya nyoka, aliumwa na mtoto wa nyoka wa mitini wa Afrika aliyeletwa kwake amtambue. Alilidharau jeraha, akafa siku iliyofuata. Mwaka 1975 bingwa mwingine, Robert Mertens wa Frankfurt, alikufa kwa kuumwa na nyoka mwembamba afananaye na kijiti, ambaye alikuwa akimfuga. Jamaa wa nyoka huyo wa pili wako katika misitu ya Usambara, na aina mojawapo imepewa jina la milima hiyo. Wote wawili walikuwa mabingwa. Kijana wa Korogwe aliyejifunza kwa picha za simu ana yakini gani?

2. Jirani. Mtume (S.A.W.) ameweka msingi kuwa hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na amekataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe. Nyumba zetu zimepakana na watoto huingia wapendapo. Nyoka huweza kupenya tundu dogo sana. Hofu ya jirani ni madhara, hata kama nyoka mwenyewe hana sumu.

3. Haki ya mnyama. Hadith ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka bila kumlisha wala kumuachia ajitafutie inamhusu kila mfugaji. Gofa anaweza kuishi zaidi ya miaka 20 akifugwa. Hiyo ni dhima ya miaka mingi. Na chakula chake je? Panya ameruhusiwa kuuawa, lakini tumeamrishwa wema hata katika kuua, na imekatazwa kumzuia mnyama mahali ili afe kwa mateso. Kumtumbukiza panya hai sandukuni ambamo hana pa kukimbilia, watu wakiangalia kwa burudani, ni jambo la kuogopwa. Wafugaji wengi wa Marekani wenyewe hulisha panya aliyekwisha kufa, na kwa fiqhi yetu inajuzu kumlisha mnyama mzoga.

4. Tahara na afya. Nyoka akiwa hai mwili wake ni tohara, kwa kuwa madhehebu yetu hayakutoa ila mbwa na nguruwe na wazaliwao nao. Kumgusa hakutengui udhu. Kinyesi chake ni najisi. Gamba analolivua wanazuoni wetu wamekhitilafiana: wako waliosema ni najisi na wako waliolegeza, basi lisikae kwenye msala wala mfukoni wakati wa Sala. Madaktari nao wameonya kuwa nyoka, kama watambaao wengine, hubeba vijidudu vya salmonela vinavyowaharisha watoto wadogo hata kama nyoka anaonekana mzima.

5. Sheria ya nchi. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Serikali, na kuwakamata kunahitaji kibali. Chatu amewekewa pia mipaka ya biashara katika mkataba wa kimataifa. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje, na tangazo la kulegeza hilo la Juni 2022 lilisitishwa papo hapo. Kutii katika jambo lisilo la maasi ni sehemu ya dini, na anayemteka nyoka porini kwa siri ili auze amekusanya ubaya wa aina mbili.

Mambo haya matano yakikusanyika, hata aliyeanza na kauli nyepesi humjia uzito. Kwa hiyo tunasema: kumfuga nyoka nyumbani kwa burudani, hata asiye na sumu, hakufai. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuharamisha. Na mwenye kufuata kauli nyingine hasalimiki na karaha maadamu hofu ya jirani na shaka ya utambuzi vipo.

TANO: PANAPOKUWA NA HAJA YA KWELI

Haja ya kweli ina hukumu yake. Tangu zamani matabibu wa Kiislamu walichanganya nyama ya nyoka katika dawa ya sumu iitwayo tiryaki, na mafakihi wakajadili uhalali wake, wengine wakaikataa kwa sababu hiyo hiyo. Leo dawa ya kuzuia sumu hutengenezwa kwa kukamuliwa sumu ya nyoka hai, hivyo lazima wawepo watu wenye elimu wanaowatunza. Katika pwani ya Kenya, kituo cha Bio-Ken cha Watamu, kilichoanzishwa mwaka 1980, kimejulikana kwa kazi ya sumu na kuwasaidia walioumwa. Karibu na Arusha, bustani ya nyoka ya Meserani nayo imekuwa ikiwatibu wanavijiji walioumwa. Kufuga kwa namna hii, kwa elimu, kibali na ulinzi, ni kuhuisha nafsi, na kunaingia katika mlango wa maslaha ya umma. Zarkashi na wenziwe walizungumzia anayefuga bila ya haja hiyo.

SITA: NYOKA NA WAGANGA

Haifai kuzungumzia nyoka wa Handeni tukanyamazia uganga, kwa kuwa jina la Handeni hutajwa nchi nzima pale wanapotajwa waganga. Wapo wanaomweka nyoka kwa kudai ni wa utajiri, wapo wanaomzungusha magulioni ili wauze dawa, na wapo wanaomuwekea maziwa au mayai yule wa nyumbani kwa kudhani ni mzimu wa wazee.

Hili lina historia hata ndani ya umma wetu. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, alikuwa amewaona nchini Iraq, katika zawia ya wafuasi wa Sheikh Ahmad ar-Rifai, watu wanaomng'ata nyoka kichwa mpaka kikakatika. Kuthibiti jambo katika kitabu cha safari hakulifanyi kuwa dalili ya Sheria, na wanazuoni wengi walilikemea.

Hadith ya majini wa Madina nayo isipotoshwe. Haikusema kuwa kila nyoka ni jini. Kuonya kulikotajwa ni kumwambia aondoke, wala si kumuomba, kumlisha kwa kumtukuza au kumuuliza ya ghaibu. Anayemuacha nyoka kwa kuwa anakula panya amefanya hesabu ya dunia isiyo na ubaya. Anayemuacha kwa kuogopa kisasi chake amekemewa na Mtume (S.A.W.). Anayemuweka ili amletee riziki amegusa mlango wa shirki, Mwenyezi Mungu atuepushe. Kitendo ni kimoja kwa macho, na hukumu ni tatu kwa nia.

SABA: NASAHA KWA MAIMAMU NA WAALIMU

Kwa yaliyotangulia tunawanasihi maimamu wa misikiti na waalimu wa madrasa wawafundishe watu haya:

Mosi, mtoto asimguse nyoka yeyote, hai au mfu, na asipewe sifa ya ushujaa kwa kufanya hivyo. Usiku watu watembee na taa.

Pili, nyoka akiingia mahali wanapolala watu na haijulikani ni wa aina gani, aondolewe na watu wazima kwa fimbo ndefu, wakijikinga macho kwa ajili ya swila. Asiuawe kwa mateso wala kwa moto, kwa kuwa kuadhibu kwa moto ni kwa Mola wa moto.

Tatu, nyoka aliye porini au shambani, asiyemfuata mtu, aachwe aende zake. Wapo waumwao wakimfukuza.

Nne, aliyeumwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza. Aombewe na asomewe Suratul Fatiha, kama walivyofanya Maswahaba kwa kiongozi wa kabila aliyeumwa na nge, lakini asomewe akiwa njiani kwenda kutibiwa.

Tano, mwenye tatizo la panya ainue kihenge chake juu ya nguzo zilizozungushiwa bati, afagie uchafu, na afuge paka. Huyu ndiye mla panya ambaye Sunna imemkaribisha, Mtume (S.A.W.) amesema kuwa si najisi na kwamba ni katika wanaotuzunguka majumbani. Panya wakipungua, nyoka naye hana la kumleta.

HITIMISHO

Sheria haikutuamrisha kumchukia nyoka mpaka tumfuate shimoni mwake, wala haikutuachia tumgeuze mwanasesere. Imetuamrisha kuondoa madhara: yake kwetu na yetu kwake. Muislamu wa Handeni au Korogwe anayemuua kifutu mlangoni mwake amefuata Sunna, na anayemuacha nyoka wa kahawia ghalani kwa ujuzi hakuihalifu. Ama anayemfungia sandukuni ili atazamwe, amejitwika mzigo ambao Sheria haikumtwika, tena juu ya mgongo wa jirani yake.

Tukipatia, ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu. Naye ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq.